Mifupa Ndani ya Ngitili

Kama kuna mtu aliyemkera Mwalimu Minza Luhende kuliko mwanafunzi anayejibu swali kabla halijaisha kuulizwa, basi ni mtu mzima anayetamka kwa uhakika jambo ambalo hakujisumbua kuuliza. Na sasa mtu wa namna hiyo alikuwa mezani kwake, amekufa miaka mia na ushee iliyopita, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kumwita pembeni akampa vidonge vyake.

Mtu mwenyewe aliitwa Dakta Ottfried Brenneke, Mjerumani, mtaalamu wa miamba na mifupa ya wanyama wa kale. Mwaka 1896 alipita Usukuma na wapagazi wake, akakaa majuma matatu katika korongo moja nje kidogo ya Ngulyati, akachimbua mifupa iliyogeuka mawe, akaijaza kwenye masanduku kumi na manane. Masanduku yakabebwa mpaka ufukweni mwa ziwa, upande ambao leo ni Lamadi, na kutoka hapo yakaenda kwao na hayajarudi. Daftari lake la safari lilikuja kutafsiriwa Kiingereza, na kurasa zake mia mbili na kitu zilikuwa mbele ya Minza zimebanwa kwa pini kubwa, maana aliombwa azitafsiri kwa Kiswahili.

Aliyemwomba ni Joakim Nyanda, mratibu wa Mradi wa Nyayo za Kale, mtu wa Maswa, miaka arobaini hivi, shati limenyooka hata katikati ya matope ya Machi. Joakim alitaka kuweka jiwe la kumbukumbu pale korongoni. Siku ya uzinduzi kutakuwa na wageni, na Mwalimu Minza, mwalimu wa jiografia, atasoma maisha na kazi za Dakta kwa Kiswahili fasaha. Minza alikubali kabla Joakim hajamaliza sentensi. Ndiyo, yeye huyo huyo asiyependa wanafunzi wa namna hiyo. Hasira za walimu huwa haziwaangalii wenyewe.

Tusimlaumu, kwa sababu kurasa arobaini za mwanzo, utangulizi wa maisha na kazi yake, zilimteka kabisa. Brenneke alikuwa mtoto wa fundi wa kupasua mawe ya kuezekea nyumba. Akiwa na miaka tisa aliona alama ya jani ndani ya jiwe alilolipasua baba yake, akauliza jani liliingiaje humo, na jibu alilopata lilikuwa kofi la kupoteza muda wa kazi. Hakugusa shule ya maana mpaka alipofika miaka ishirini. Maprofesa walimcheka kwa lafudhi yake ya kijijini, na alipoandika kwamba matabaka ya udongo wa bara letu ni ya kale kuliko wanavyodhani, mmoja wao alimjibu gazetini kwamba mpasua mawe arudi kwa baba yake akapasue mawe. Alikuja huku kuwakomesha. Taya moja la mnyama wa jamii ya tembo alilichora kwa siku nne, homa ikimtetemesha, na kila ufa aliuweka mahali pake.

Minza aliliangalia taya lile usiombe. Yeye naye akiwa na miaka minane aliteremka korongoni humo humo akifuata ndama, akaona jino kubwa kama mkate limechomoza ukingoni, na swali alilotoka nalo siku ile ndilo lililomfikisha chuo cha ualimu. Huko chuoni kuna mtu alimwambia kwamba Kiswahili chake kinanuka zizi. Kwa hiyo alimwelewa Brenneke vizuri sana, na kwa siku tatu alimtafsiri kwa mapenzi, akichagua maneno kama anayemchagulia ndugu yake shati la harusi.

Siku ya nne alifika tarehe 11 Machi.

"Nimeweka kambi juu ya korongo," aliandika Brenneke. "Nyasi nzito zinafika kiunoni. Hakuna ng'ombe hata mmoja, hakuna njia, hakuna nyumba. Ni wazi kwamba watu wa hapa hawana matumizi na ardhi hii. Haina mwenyewe. Nimeiandika hivyo kwenye ramani."

Minza aliisoma mara tatu. Kila mara hasira ilipanda ngazi moja.

Ardhi ile ilikuwa ngitili ya kwao. Kwa msomaji asiyekulia Usukuma, ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza, mwenyewe anaifunga, hakuna mnyama kukanyaga, nyasi zinaachwa ziote mpaka zimfiche mtoto. Ikifika Agosti, kila mahali pamekauka na ng'ombe wanahesabika mbavu, ndipo inafunguliwa. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anatozwa faini, na faini yenyewe ni mnyama, si maneno. Kwa hiyo nyasi ndefu bila ng'ombe mwezi wa Machi maana yake ni moja tu: hapa pana mtu, tena ana msimamo. Brenneke aliuona ulinzi akaandika kwamba hakuna mlinzi. Mtu aliyeweza kukaa siku nne na taya la mnyama aliyekufa alishindwa kukaa dakika tano na jirani aliye hai akamuuliza, "Mbona hapa hamchungi?"

Hayo yangekuwa ya zamani, Minza angeyatukana kimya kimya akaendelea. Lakini nyuma ya daftari Joakim alikuwa amebana andiko la mradi, na Minza, ambaye hasira ilishamfanya afungue kila karatasi, alilisoma nalo. Ekari arobaini kuzunguka korongo. Uzio wa waya. Lango moja. Mifugo marufuku mwaka mzima. Na chini yake: "Kwa mujibu wa Dakta Brenneke (1896) eneo halikuwa na mwenyewe, na hali hiyo inaendelea hadi sasa."

Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Ng'ombe ishirini na watatu wa ukoo wa Luhende walikuwa wakivushwa kiangazi na nyasi zile. Kaka zake wawili wako Mwanza. Tangu alipofiwa na mumewe akarudi nyumbani, ni yeye na shangazi yake waliokuwa wakizilinda. Uzio ule ukisimama, Agosti itawakuta ng'ombe wanalamba vumbi nje ya waya, na wageni wako ndani wanapiga picha.

Joakim alikuja kesho yake kuchukua tafsiri ya kurasa za mwanzo. Hakukaribishwa kiti.

"Umekulia wapi, Joakim?" Minza alimuuliza.

"Maswa, mwalimu, si unajua."

"Umechunga?"

"Nimechunga mpaka darasa la saba."

"Na siku ulipokuja hapa kupima, ukaona nyasi zimefika kiunoni mwezi huu wa Machi, ukadhani nini? Kwamba ng'ombe wa Ngulyati hawapendi nyasi?"

Joakim alishusha macho. Alikuwa anajua, na hilo ndilo lililomwasha Minza zaidi, kwa sababu Mjerumani angalau alikuwa na udhuru wa ugeni.

"Mwalimu, mimi nafuata nyaraka. Kuna ninachokijua mimi, na kuna kinachoandikika. Brenneke anasema hivyo. Na si yeye peke yake, hata karatasi za kijiji zinasema hivyo."

"Karatasi gani za kijiji?"

"Za mpango wa matumizi ya ardhi. Za mwaka jana."

Kitu kidogo kilimpitia Minza kichwani aliposikia hivyo. Alikikanyaga haraka kwa sauti kubwa. "Usinitajie karatasi! Mnaandikiana wenyewe huko ofisini, halafu mnakuja kutusomea sisi tulivyo! Alhamisi kuna mkutano wa kijiji. Mwambie mwenyekiti nitasoma maisha ya Dakta wako siku hiyo. Yote."

"Yote ni marefu," Joakim alisema kwa upole. "Kuna sehemu za kuruka. Ile ya tarehe kumi na tisa, kwa mfano, haina faida kwa wageni."

Hapo alikosea. Ukimwambia mwalimu ukurasa fulani hauna faida, umeshamfungulia.

Tarehe 19 Machi Brenneke aliandika hivi: "Siku chache zilizopita mwanamke mmoja kichaa aliingia kambini na fimbo, akawatoa punda wangu kwenye nyasi huku akipiga kelele. Mkalimani anasema anadai mtamba. Nilimpa doti ya kitambaa anyamaze. Aliitupa chini. Alirudi siku tatu mfululizo. Siku ya nne niliwaambia askari wamfunge mpaka tutakapomaliza kazi. Leo nimepata jino la pili, zima kabisa, siku ya furaha."

Minza alizibeba karatasi mpaka uani, kwa shangazi yake Milembe, ambaye wao humwita sengi kwa Kisukuma. Sengi Milembe ana miaka sabini na tisa na ulimi ambao haujazeeka. Alikuwa anapepeta mpunga. Minza alimsomea, mara moja tu, na ungo ukasimama.

"Kichaa?" alisema sengi.

"Ndivyo alivyoandika."

"Huyo ni Nyanjige. Bibi yangu, mama yake baba. Mume wake alikuwa amekwenda pwani kubeba mizigo ya watu, akamwachia ng'ombe na ngitili. Alifungwa kamba wiki mbili na mtoto mgongoni. Sisi tuliambiwa alifungwa na Wajerumani, basi. Hatukuambiwa ni kwa ajili ya mifupa." Alitema mate pembeni. "Punda wamekula, faini hakulipa, akamfunga mwenye nyasi. Halafu kichaa ni nani?"

"Alhamisi nitawasomea wote, sengi."

"Soma kwa sauti. Mimi nitakaa mbele."

Minza hakulala vizuri siku mbili zile, na si kwa huzuni. Alikuwa anapanga maneno. Akiosha vyombo alikuwa anamjibu Brenneke. Akisahihisha madaftari alikuwa anamjibu Joakim, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alipata alama tatu kwa jibu lililostahili sita.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la pamba. Mabenchi yaliazimwa kanisani. Mwenyekiti wa kijiji, Constantine, alifungua kwa salamu na kwa kuomba simu zizimwe, na ya kwake ndiyo ikaita. Joakim alikaa mezani na faili lake. Pembeni, akiegemea pikipiki, alisimama Josia, mpimaji wa mkataba aliyekuwa akizunguka vijiji na kishikwambi mwaka uliopita kuandika matumizi ya ardhi.

"Mwangaluka," Minza alisalimia.

"Mwangaluka mhola," watu waliitika.

Akaanza. Aliwapa maisha ya Brenneke bila kumnyima haki yake: kofi la baba, jani ndani ya jiwe, maprofesa wanaocheka. Watu walimpenda yule mtoto, Minza aliwaona wanavyompenda. Ndipo akawasomea tarehe 11 Machi. Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Akawasomea tarehe 19. Alipofika kwenye mtoto mgongoni, ambaye hakuwamo kwenye daftari ila kinywani mwa sengi, wanawake wa upande wa kushoto walianza kuguna, na mzee mmoja akasimama bila sababu akakaa tena.

"Huyu ndiye tunayeambiwa tumwekee jiwe!" Minza alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya kusoma. "Alikuwa na macho ya kuona mnyama aliyekufa kabla ya dunia kuwa na watu. Hakuwa na macho ya kumwona mwanamke aliyesimama mbele yake na fimbo! Na huyu hapa, Joakim, mchunga ng'ombe wa Maswa, amechukua maneno ya mtu huyo akayabandika muhuri. Ninyi mnaijua ngitili yetu. Kuna mtu hapa asiyejua ni ya nani?"

"Hakuna!" walijibu.

"Kuna mtu aliwahi kusikia kwamba haina mwenyewe?"

"Hakuna!"

Makofi yalipigwa. Sengi Milembe alikuwa ameketi wima mbele kabisa, mikono magotini. Minza alijisikia vizuri kwa namna ambayo mtu hujisikia vizuri anapokuwa na haki na watu wako nyuma yake, na tukubaliane kwamba si hisia ya kila siku.

Joakim aliomba ruhusa ya mwenyekiti. Hakuinua sauti. Kwenye faili alitoa karatasi moja, akaikunjua.

"Naomba radhi kwa bibi yetu Nyanjige," alisema. "Ile sehemu nilitaka irukwe kwa aibu, si kwa dharau. Lakini mradi haukuchagua eneo kwa daftari peke yake. Tulianza na hii. Rasimu ya mpango wa ardhi wa kijiji chenu. Kipande namba hamsini na nne, juu ya korongo, ekari arobaini. Matumizi: 'wazi'. Mmiliki: pameachwa bila jina. Maelezo: 'halitumiki'." Akashusha kidole mpaka chini ya karatasi. "Aliyetoa taarifa na kusaini ni katibu wa kamati ya mpango huo, Mwalimu Minza Luhende."

Kile kitu alichokuwa amekikanyaga sasa kilisimama.

Alikumbuka vizuri. Ukweli ni kwamba hakuwahi kusahau, aliacha tu kukitazama. Ilikuwa mwezi kama huu. Josia alikuwa na kishikwambi, na kishikwambi kilikuwa na orodha yake: shamba, makazi, msitu, malisho ya kijiji, wazi. Ngitili haikuwemo. Josia alisema, "Mwalimu, tuweke malisho?" Na Minza aliwaza haraka, kama watu wenye akili wanavyowaza wanapojiharibia. Ikiandikwa malisho ya kijiji, kesho kila mwenye ng'ombe atakuja na karatasi mkononi aseme ni ya wote. "Weka wazi," alisema. "Andika halitumiki. Hawatatusumbua." Akasaini, akafurahi njia nzima kwa ujanja wake.

Joakim, ambaye hakuwa mtu mbaya kiasi Minza alichotaka awe, alimtupia kamba. "Inawezekana mpimaji alibonyeza vibaya," alisema. "Makosa ya namna hiyo hutokea. Tukithibitisha ni kosa la mpimaji, karatasi inarekebishwa leo leo."

Kila mtu alimgeukia Josia pale kwenye pikipiki. Josia alifungua mdomo, akamwangalia Minza, akaufunga. Alikuwa na watoto mapacha na mkataba unaoisha Juni. Alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wake.

Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, "labda", na lilikuwa limeshafika ulimini. Minza alijichukia kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

"Josia hakukosea," alisema. "Aliniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo."

"Kwa nini?" mwenyekiti Constantine aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

Kutoka hapo hakukuwa na njia ya heshima, zilikuwepo ndefu na fupi tu. Akachukua fupi. "Kwa sababu sikutaka ng'ombe wenu waingie."

Kelele iliyolipuka ilikuwa kubwa kuliko makofi ya mwanzo. Kuna aliyesema "Kumbe!" na kuna aliyecheka kicheko kibaya. Mwenyekiti aligonga meza kwa kiganja mpaka kikawa chekundu.

Aliyepewa nafasi kwanza alikuwa Bundala, jirani yao wa mpaka mmoja, mtu mpole ambaye mikutanoni hulala. Alivua kofia.

"Mayu," alimwambia, kwa neno la heshima ambalo Minza angependa asilitumie. "Mwaka ule wa ukame nilikuja kwako. Nilipiga magoti pale mlangoni, mimi mwanaume na mvi zangu, nikaomba majani ya siku kumi tu. Ukaniambia ngitili ni ya ukoo, huwezi kuifungua kwa mtu wa nje. Nikasema sawa, ni haki yake. Nikarudi. Ng'ombe tisa walikufa, wewe ulikuja kunipa pole." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Kumbe kwangu mimi ilikuwa ya ukoo, na kwa serikali ulisema haitumiki. Huyo Mjerumani hakuuliza. Wewe ulikuwa unajua!"

Hakuna aliyepiga makofi. Minza alitamani watukane, maana tusi angelijibu.

Ndipo sengi Milembe alipoinuka. Alichukua muda kuinuka, na hakumsogelea Minza. Aliongea akiutazama uwanja.

"Bibi yangu alifungwa kamba hakusema 'haina mwenyewe'. Wiki mbili! Mtoto wa ndugu yangu hakuna aliyemfunga. Alikaa kivulini, akapewa kalamu, akasema." Akamgeukia sasa, na macho yake yalikuwa makavu. "Wewe ng'wana Luhende, nilikuwa nakaa mbele nikijivuna. Umeniaibisha. Haya, mwenyekiti, waulize watu wanataka nini, maana sisi tumeshasema kwamba hatuna kitu."

Majadiliano yalichukua saa nzima. Rasimu ilikuwa bado haijapelekwa wilayani, kwa hiyo mkutano ulikuwa na uwezo wa kuibadilisha, na Joakim alikiri hivyo bila kubanwa. Kijiji kikisema pale pana matumizi, uzio haujengwi. Mradi utabaki na korongo lenyewe na njia ya miguu. Lakini kuiandika ngitili ya ukoo wa Luhende kulihitaji mikono ya wanakijiji, na mwenyekiti alipoiita, mikono iliyoinuka ilikuwa saba, mmoja ukiwa wa Josia. Hata mkono wa sengi haukuinuka.

Bundala ndiye aliyeleta pendekezo la pili. Iandikwe ngitili ya kijiji. Ifungwe mvua zikianza, ilindwe kwa zamu, na Agosti ifunguliwe kwa kila nyumba yenye ng'ombe, ya Luhende ikiwemo. Mikono iliinuka mpaka mtendaji wa kijiji akaacha kuihesabu. Sengi Milembe aliinua wa kwake taratibu, akautazama kana kwamba si wake.

"Mwalimu ndiye alisaini ile ya kwanza," mwenyekiti alisema. "Sheria inataka yeye ndiye aikate."

Karatasi ililetwa mezani. Minza aliinama. Hakuwa na aibu tu, kwa sababu hasira yote aliyokuja nayo asubuhi alikuwa bado nayo, nzima, haijapungua hata tone, ila hakubakiwa na mtu wa kumtupia. Vizazi vinne vya kwao vilikuwa vimelinda nyasi zile, na yeye, msomi wa ukoo, ndiye aliyezitoa. Daftari la Brenneke lisingezipata bila saini yake. Alilikata neno "wazi" kwa mistari miwili. Juu yake akaandika "ngitili ya kijiji", na pale kwenye mmiliki, palipokuwa patupu, akaandika jina la kijiji. Halafu akasaini jina lake lote, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi moja moja.

Alipoinua kichwa, Bundala alikuwa ameshafika mezani na kofia yake kwapani. Alikuwa amenyoosha mkono, hacheki wala hanuni.

"Nipe kalamu," alisema. "Safari hii na mimi niandikwe."